Vumbi Likishatulia: Mwendesha Baiskeli wa Marafa Baada ya Kugongwa na Gari

Anayetoka Marafa kwenda Malindi kwa baiskeli hupita barabara mbili zenye tabia tofauti. Ile ya Marikebuni hadi Mambrui, mwenye gunia la makaa kwenye karia hupishana zaidi na mbuzi na bodaboda. Akishaingia barabara kuu ya Garsen, mambo hubadilika: malori ya chumvi kutoka Gongoni, mabasi ya Lamu, na upepo wa gari kubwa unaotosha kumyumbisha mwenye mzigo. Namna ya kuepuka ajali imesemwa sana. Mada hii inaanzia pale mtu yuko chini tayari.

Kwa kawaida watu hukusanyika, na dereva, akiwa amesimama, hutoa noti mbili. "Pole mzee, shika hii ukanywe chai, tumalizane hapa hapa." Mzee huona haya kukataa mbele za watu. Goti huvimba jioni, na wakati huo gari liko Mombasa, nambari yake haikuandikwa na mtu yeyote.

Hapo ndipo kesi nyingi hufia, kabla wakili hajasikia habari zake.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame, ataje jina na anwani yake na ya mwenye gari, pamoja na nambari ya gari. Asipofanya hivyo, apige ripoti polisi upesi, isizidi saa 24. Kumpa majeruhi pesa ya chai hakumwondolei wajibu huo. Dereva kuwajibishwa kwa kumgonga mwendesha baiskeli si jambo geni: tarehe 30 Mei 1896, jijini New York, Henry Wells aligonga mwendesha baiskeli kwa gari lake aina ya Duryea na kumvunja mguu. Wells alilala rumande, na magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika siku hizo.

Kwa hiyo anayefika kwanza aandike nambari ya gari, hata kwa kijiti mchangani, kisha apate simu ya shahidi mmoja asiye jamaa ya majeruhi. Tukio likisharipotiwa, polisi hutoa abstrakti, karatasi inayotaja gari, mwenyewe na bima yake. Fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha, hujazwa na polisi na daktari, wala haiuzwi.

Hospitalini kuna mtego mdogo. Mgonjwa akiulizwa kilichompata husema, "Nimeanguka na baiskeli," na karani huandika hivyohivyo. Miaka miwili baadaye wakili wa bima huisoma kadi hiyo kwa sauti mbele ya hakimu. Aseme amegongwa na gari, na ahakikishe imeandikwa hivyo. Kadi, risiti na picha za eksirei zikae pamoja, mbali na paa linalovuja.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, na kampuni hulipa hukumu ya majeraha hadi shilingi 3,000,000. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Mwendesha baiskeli naye hupimwa: aliyekuwa gizani bila taa anaweza kukatwa sehemu ya fidia kwa uzembe wake mwenyewe.

Swali linalowatisha wengi ni la mapato. Muuza makaa hana hati ya mshahara, na wapo waliokata tamaa kwa sababu hiyo tu. Bure. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika hukumu ya mwaka 2005, ilikataa dhana kwamba kazi na kipato huthibitishwa kwa makaratasi pekee, maana Wakenya wengi hawayaweki. Mnunuzi wake wa Malindi anaweza kusimama kizimbani akaeleza alikuwa akichukua magunia mangapi kwa wiki.

Kuna baiskeli yenyewe. Bima ile ya lazima inahusu mwili na uhai wa mtu. Rimu iliyokunjika na foki iliyopinda hudaiwa dereva au mwenye gari, isipokuwa bima yake imeongeza mali. Fundi asiiguse kwanza. Ipigwe picha ubavu uliogongwa, rangi ya gari ikiwa bado imeganda kwenye fremu, ndipo fundi aandike kwa mkono wake gharama ya kila kipande, atie sahihi na tarehe.