Fedha Mkononi mwa Mama Mwenye Duka

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Kisorya, katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Katika sherehe kama hii watu hutazamia katibu anene habari za mizani, magunia na ushuru. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nimeomba ruhusa ninene habari za duka dogo la kijijini, na sababu nitaisema bila kuficha. Katika mikutano ya vyama vya msingi limezuka neno ambalo limeanza kututenga. Husemwa kwamba wale waliopewa fedha na Serikali kupitia TASAF hula bure, ilhali mkulima wa pamba huvunjika mgongo; na wengine wamependekeza kwamba mtu aliyepokea ruzuku hiyo asikopeshwe mbegu wala dawa na chama. Wanachama ndio watakaoamua. Lakini kabla ya kuamua yatupasa kujua fedha hizo zilifanya kazi gani miongoni mwetu.

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mwanzo kazi yake ilikuwa zaidi kujenga madarasa, visima na zahanati. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao huwapa watu fedha zenyewe, ulizinduliwa mwaka 2012, baada ya kujaribiwa katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ambako malipo yalianza mwaka 2010. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Katika miaka ile ya mwanzo kaya ililipwa kila miezi miwili, na kiwango kilikuwa tangu shilingi 10,000 hadi 38,000 kwa mwezi, kwa kadiri ya watoto na masomo yao. Watoto walipaswa kuhudhuria shule, na wachanga kupelekwa kliniki. Aghalabu mpokeaji alikuwa mama wa nyumba. Tena majina yalianza kutajwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Basi anayelaumu orodha na ajiulize kwanza alikuwa wapi siku ya mkutano.

Sasa nije dukani. Yuko mama mmoja wa huku kwetu, mjane, ambaye jina lake silitaji kwa heshima yake. Duka lake ni chumba kimoja, njiani kuelekea kivukoni wanakopita watu waendao Rugezi na Nansio. Huuza chumvi, sabuni, viberiti, majani ya chai, mafuta ya kupikia ya kupima, na dagaa wanapopatikana. Kabla ya ruzuku alikuwa akichukua mali kauli kwa mfanyabiashara wa jumla. Nanyi mwajua mali kauli ilivyo: bei hupangwa na mwenye mali, aina ya bidhaa huchaguliwa na mwenye mali, na faida huondoka naye. Mama huyu alikuwa akiuza kutwa, na jioni mkononi mwake hubaki senti za kununulia udaga tu.

Malipo yake ya miezi miwili yalikuwa shilingi 36,000. Mara ya kwanza alitenga 16,000 kwa ajili ya chakula, madaftari na sare za watoto. Zile 20,000 akapanda gari mpaka Bunda, akanunua sabuni na chumvi kwa bei ya jumla, taslimu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Si kwamba shilingi 20,000 ni mali nyingi. Mtu aweza kuzimaliza kwa siku moja asijue zilikokwenda. Nguvu yake ilikuwa katika kule kulipa taslimu, kwa maana alichagua bidhaa mwenyewe, akapatana bei mwenyewe, na faida ya kila mche wa sabuni ikawa yake. Malipo ya pili yalipokuja, mtaji wa kwanza ulikuwa bado rafuni. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akibaki nyumbani siku za gulio ili auze, alirudi darasani siku zote.

Wanachama wenzangu, duka hilo lina daftari la wadeni, nami nimelitazama kwa idhini ya mwenyewe. Wadeni wake wengi ni sisi. Tangu Januari hata Aprili, pamba ikiwa shambani na nyumba zetu zikiwa hazina shilingi, sisi ndio tunaokwenda kwake jioni kuomba robo ya sukari na kipande cha sabuni, naye hujibu, "Chukua baba, utalipa pamba ikiuzwa." Msimu hufunguliwa Mei, na malipo yakichelewa, yeye hungoja pamoja nasi, ila sisi hungoja tukiwa tumekwisha kula. Duka lisilo na mtaji haliwezi kungoja. Hufungwa. Basi mtu asemapo kwamba ruzuku ilimlisha mjane, hana budi kuongeza kwamba kwa kupitia rafu za mjane ilimlisha na mkulima.

Jambo hili halikuonekana Kisorya tu. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika Kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 kiasi cha dola 1,000 kila moja. Wataalamu wa uchumi walichunguza vijiji 653, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Walikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa mahali pale kwa kiasi cha dola mbili na nusu, na kwamba hata kaya ambazo hazikupewa kitu ziliongeza matumizi yao, kwa kuwa waliopewa walinunua kwa jirani. Bei za vitu hazikupanda ila kidogo mno.

Wapo watakaosema fedha za bure huishia kilabuni. Neno hili husemwa sana na wanaume, nami nalisikia hata baada ya malipo ya pamba, likisemwa na wake zetu. Mwaka 2017 David Evans na Anna Popova walichapisha uchunguzi wa tafiti 19 za nchi mbalimbali juu ya swali hilo hilo, nao hawakuona kwamba ruzuku huzidisha ununuzi wa pombe na tumbaku.

Sisemi kwamba mpango huo hauna kasoro. Malipo yamepata kuchelewa, na wapo wazee waliostahili ambao majina yao hayakuingia. Tena shilingi 36,000 haziezeki nyumba. Lakini chama chetu kinajua thamani ya fedha kufika mkononi mwa mwenyewe. Walioanzisha Victoria Federation mwaka 1955, akina Paul Bomani, walitaka pamba ya mkulima ipimwe kwa haki na malipo yamfikie bila kunyofolewa njiani. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, tuliona wenyewe jinsi ilivyo vigumu kukirudisha kitu kilichovunjwa, hata baada ya sheria ya mwaka 1982 kuviruhusu tena.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba lile pendekezo la kuwanyima mbegu waliopokea ruzuku liondolewe katika ajenda ya mkutano mkuu. Badala yake naweka mezani mawili. Kwanza, vikundi vya akiba vya akina mama hao vikaribishwe kuweka fedha zao katika chama chetu cha akiba na mikopo, kwa hisa wanazozimudu. Pili, kila chama cha msingi kitangaze siku ya malipo ya pamba wiki moja kabla, na tangazo libandikwe pia dukani, ili mama mwenye daftari ajue siku ya kuja na kalamu yake.