Safari Ndefu ya Tiba ya Tezi ya Shingo: Usharika Ufanye Nini?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Babati mjini



Tumeombwa tuseme juu ya ugonjwa usiotajwa sana katika taarifa zetu, nao ni ule wa tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Tezi hii iko mbele ya koo. Hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima. Homoni zikizidi, moyo huenda mbio hata mtu akiwa amekaa, mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humpaa, na hukonda ingawa anakula vizuri. Wengine macho hutoka nje. Wengine huwa wepesi wa hasira, na nyumbani amani hupotea kabla mtu hajajua kuwa anaumwa.

Sharika zetu zinaifahamu goita, yaani rovu, ile inayoletwa na upungufu wa madini joto. Miaka ya 1980 na 1990 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula iwe na madini hayo. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi, na tuiendeleze majikoni mwetu. Lakini si kila shingo iliyovimba ina upungufu, wala si kila mwenye homoni nyingi ana uvimbe. Huko Zimbabwe, na Kivu nchini Kongo, katika miaka ya 1990 waganga waliona wagonjwa wa homoni nyingi wakiongezeka baada ya chumvi hiyo kuenea, hasa watu wazima wenye rovu la siku nyingi. Hiyo si sababu ya kuiacha chumvi. Ni sababu ya mwenye rovu kwenda kupimwa damu, na kutojinunulia dawa za madini joto kwa kubahatisha.

Wagonjwa wetu wanabeba mzigo mwingine wa maneno. Mtu akikonda, majirani humwambia ana UKIMWI. Akikosa usingizi na kufoka, huambiwa amerogwa au ana pepo. Wapendwa, tuombe pamoja na mgonjwa, tena tuombe sana, lakini tusimwambie mtu aache dawa ili kuonyesha imani yake. Daktari na dawa navyo ni vipawa vya Mungu.

Tiba ni za aina tatu. Ya kwanza ni vidonge, kama kabimazoli, vinavyopunguza utengenezaji wa homoni. Mara nyingi huongezwa propranololi ya kutuliza moyo, ambayo mwenye pumu hapaswi kupewa, hivyo amweleze daktari. Ya pili ni madini joto yenye mionzi, yanayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jina la taasisi huwaogofya wengi, lakini kupelekwa huko si lazima iwe saratani. Tiba hii hapewi mjamzito wala anayenyonyesha, na aliyeipata hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku atakazoambiwa. Ya tatu ni upasuaji. Baada ya mionzi au upasuaji, wengi huhitaji kidonge cha homoni kila siku maisha yao yote.

Ugumu wenyewe uko katika muda. Vidonge huanza kuleta nafuu baada ya wiki kadhaa, lakini kwa kawaida hutumiwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na damu hupimwa mara kwa mara ili kipimo cha dawa kirekebishwe. Katika ziara zetu tulimkuta mama mmoja, mkulima wa mahindi na mbaazi. Mwezi wa tatu wa dawa moyo ulitulia, mwili ukarudi, naye akarudi kwaya. Nauli ya kwenda kupimwa ilipokosekana, hakuona hasara, si amepona? Baada ya miezi michache aliletwa hospitali miguu imevimba na pumzi zinambana, moyo umechoka. Leo yuko kwenye dawa tena, ila moyo wake hauna nguvu za zamani. Imani alikuwa nayo, na dawa zilikuwepo. Alikosa nauli, na mtu wa kumwuliza, "Mama, umeshakwenda kupima?"

Kutoka Babati hadi Arusha ni kilomita zipatazo 170, na KCMC Moshi ni mbali zaidi. Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo manne.

Kwanza, kila usharika utenge fungu dogo la diakonia kwa nauli na vipimo vya wagonjwa wa tiba ndefu. Wafadhili, hapa ndipo mchango mdogo huokoa moyo wa mtu.

Pili, kila mgonjwa apate msindikizaji mmoja anayejua tarehe zake na kutunza siri zake.

Tatu, wasindikizaji wajue dalili ya hatari: mwenye kutumia kabimazoli akipata homa au koo kuuma, asimame kumeza dawa hiyo na afike hospitali siku ileile apimwe damu. Ni mara chache, lakini dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazomlinda.

Nne, mwanamke anayetumia dawa hizi na anatarajia kupata mimba, au ameshapata, amwone daktari mapema, kwani kabimazoli inaweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo. Asiache dawa kimyakimya.

Tunakumbuka wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza wakamshusha darini mbele ya Yesu. Hawakuwa waganga, bali walihakikisha mwenzao anafika. Kazi hiyo tunaiweza.