Ada ya Vibao vya Magari kwa Askari Wastaafu
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka, Nyanchwa)



Nimepewa kazi ya kueleza jambo ambalo baadhi ya wanachama walilileta mbele ya halmashauri, nalo ni hili: je, yafaa chama chetu kiiombe Serikali iwasamehe askari wastaafu ada ya vibao vya namba za magari, na kuwapa vibao vyenye alama ya utumishi wao? Huko Marekani majimbo mengi yana vibao vya namna hiyo, na katika baadhi yake askari aliyelemazwa vitani, au aliyepata kuwa mateka wa adui, hatozwi ada ya kibao, au hutozwa kidogo sana. Kwetu Kenya desturi hiyo haijaingia. Vibao vipya vilipozinduliwa mwaka 2022, ada iliyotangazwa ilikuwa shilingi 3,000, na mtu aliyetumwa Somalia aliwekwa katika mstari mmoja na mwenye duka.

Mzee mmoja alipolisikia shauri hili alicheka, akaniuliza, "Mwanangu, ni askari gani wa hapa mwenye gari?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza nataka kuwajibu wale wasemao kwamba kumsamehe askari malipo ni jambo la kigeni, lisilopata kuonekana katika nchi hii. Limeonekana. Lilionekana karibu nasi sana.

Mnajua kwamba mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na hapo chini mjini wakapigana na askari wa King's African Rifles. Baada ya hapo vijana wa Gusii, pamoja na wenzao wa Nyanza yote, walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, kubeba unga na risasi hadi nchi ya Wajerumani. Ndio walioacha jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina yao mahali popote.

Vita vilipokwisha, Serikali ya kikoloni iliwakumbuka askari. Mwaka 1919, katika jumba la Theatre Royal la Nairobi, askari wazungu walipigiwa kura ya mashamba. Mengine waliuziwa kwa masharti mepesi, na mengine madogo walipewa bila kulipa bei ya ardhi. Maofisa walemavu walitengewa ekari 25,000 kule Kericho, katika nchi ya jirani zetu Wakipsigis, walime kitani. Mpagazi aliyewabebea maofisa hao mizigo alipata nini? Alipata kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika aliyekomaa abebe karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma, akining'inize shingoni, na akikutwa bila hicho ashtakiwe. Hiyo ndiyo namba aliyopewa askari wetu wa kwanza. Kipande kile hakikuondolewa mpaka sheria mpya ya mwaka 1947, wakati ambapo watoto wake walikwisha kurudi kutoka Burma. Nao pia walipewa kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi: mzungu wa cheo kile kile alipata karibu mara tatu ya Mwafrika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunaloomba si upendeleo mpya. Ni desturi ya zamani iliyowapita wenye haki nayo.

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Ni kweli kwamba wastaafu wengi hawana gari. Lakini nendeni pale stendi mkaangalie. Askari akimaliza utumishi wake na kupokea malipo yake, mara nyingi hununua Probox au pikipiki, akabeba abiria na ndizi. Chombo hicho ndicho shamba lake. Kwake yeye shilingi 3,000 ni karo ya mtoto iliyochelewa, na juu yake kuna bima, leseni na ukaguzi. Basi msamaha uhusu pikipiki kama unavyohusu gari, na uwe wa chombo kimoja tu kwa kila mtu, ili wenye magari mengi wasije wakajificha nyuma ya maskini.

Kuna mambo mengine mawili ambayo halmashauri haikuyakubali kwa urahisi. La kwanza ni alama yenyewe. Mimi binafsi nasema alama iwe ya hiari. Mwanajeshi aliyenusurika El Adde mwezi wa Januari 2016 huenda asipende kila apitaye njiani ajue kwamba alikuwa askari, hasa akiendesha kuelekea Garissa au Mandera. Kipande kilivishwa watu kwa nguvu. Kibao hiki asivishwe mtu asiyekitaka, lakini ada asamehewe hata hivyo. Wala alama isiwe ruhusa ya kupita mbio mbele ya polisi wa barabarani.

La pili ni mjane. Mume akifa, gari linabaki na madeni yanabaki. Wapo waliopinga, wakisema mjane hakupigana. Nami nauliza, ni nani aliyekaa na watoto miaka ile yote mumewe alipokuwa mpakani? Mjane naye asamehewe, maadamu chombo kingali chake.

Sheria ya Maveterani wa Jeshi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka msingi wa kuwatambua watu hawa na kuwapa mafao, kwa hiyo ombi letu lina mahali pa kusimama. Twapendekeza barua iende kwa Wizara ya Ulinzi, na nakala kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA.

Barua bila majina haina uzito. Karani ameweka daftari juu ya meza ile ya mlangoni. Kila mstaafu aje na cheti chake cha kuachishwa jeshi, na nakala yake. Aliyekipoteza aje na namba yake ya utumishi, tumsaidie kuandika barua ya kuomba kingine. Wajane waje na cheti cha kifo cha mume na karatasi za chombo. Daftari litafungwa mwisho wa mwezi.