Utu Uzima Dawa: Marejeo ya Dara Torres Bwawani

Wahenga walinena kuwa utu uzima dawa. Lakini je, msemo huo una nafasi katika mashindano ya kuogelea, ambako bingwa wa miaka 25 huanza kuitwa mkongwe? Makala ya leo yanatafuta jibu katika maisha ya mwogeleaji wa Kimarekani, Dara Torres.

Torres alizaliwa mwaka 1967. Akiwa na miaka 17 alitwaa dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, akiwa katika timu ya kupokezana. Alishiriki tena Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992, kisha akaaga mashindano. Wengi waliamini ukurasa wake umefungwa. Hata hivyo, mwaka 2000 alionekana Sydney, akiwa na umri wa miaka 33, na akaondoka na medali tano. Akastaafu tena.

Mwaka 2006 alijifungua mtoto wa kike. Mwaka uliofuata alishinda mbio za mita 100, mtindo huru, katika mashindano ya taifa ya Marekani. Hatimaye, mwezi Agosti 2008, alisimama ukingoni mwa bwawa la Beijing akiwa na miaka 41.

Kabla ya nusu fainali ya mita 50, vazi la mshindani wake, Therese Alshammar wa Sweden, lilichanika. Torres aliwaomba waamuzi wasianzishe mbio mpaka mwenzake awe tayari. Katika fainali, Britta Steffen wa Ujerumani alitumia sekunde 24.06, Torres 24.07. Dhahabu ilimponyoka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Nyuma yake, kwenye nafasi ya tatu, alikuwa Cate Campbell wa Australia, binti wa miaka 16 tu. Torres alirudi nyumbani na medali tatu za fedha, na jumla yake ya Olimpiki ikafika medali 12.

Siri yake ilikuwa nini? Hakujaribu kuufanya mwili wa miaka 41 utii amri za mwili wa miaka 20. Mwili wa mtu mzima huchelewa kurejesha nguvu baada ya kazi nzito. Kwa hiyo alipunguza masafa ya kuogelea, akaongeza mazoezi ya nguvu, kunyoosha viungo na kupumzika.

Sifa hizo hazikukosa dosari wala shaka. Torres alikuwa na kundi la wataalamu waliolipwa, jambo ambalo mama wa kawaida hawezi kulimudu. Wapo pia waliouliza iwapo alitumia dawa zilizopigwa marufuku. Yeye alijitolea kupimwa damu na mkojo zaidi ya ilivyotakiwa na kanuni.

Kwa wasio na wataalamu, mlango haujafungwa. Yapo mashindano ya kimataifa ya waogeleaji wakongwe, ambayo huanzia miaka 25, na washiriki hugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano. Mwenye miaka 60 hupambana na rika lake, si na mjukuu wake. Mieko Nagaoka wa Japani, aliyeanza kuogelea uzeeni kwa sababu ya maumivu ya goti, alimaliza mita 1,500 mwaka 2015 akiwa ametimiza miaka 100.

Mwaka 2012 Torres, akiwa na miaka 45, aliwania tena nafasi ya Olimpiki. Alimaliza wa nne katika mita 50, wakati nafasi zilikuwa mbili. Safari hii aliaga moja kwa moja.

Msikilizaji unayefikiria kurudi majini baada ya miaka mingi, muone daktari kwanza, kisha anza taratibu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Lakini hakuna aliyesema lazima uyaoge kwa pupa.