Rufaa ya Mafao ya Ulemavu Nchini Marekani
Nchini Marekani, anayeomba mafao ya ulemavu hutakiwa kuthibitisha kwamba maradhi yanayomzuia kujipatia riziki yatadumu angalau miezi 12 au yatamuua, na wengi hukataliwa mara ya kwanza. Inasikitisha kwamba baadhi yao huanza ombi jipya, wakahatarisha malimbikizo ya mafao ya miezi iliyopita, badala ya kukata rufaa, yaani kudai uamuzi huo upitiwe upya, ndani ya siku 60 tangu kupokea barua. Baada ya mapitio yanayofanywa na mtumishi asiyehusika na uamuzi wa kwanza, mwombaji akikataliwa tena na kukata rufaa, huja shauri mbele ya jaji wa masuala ya kiutawala, na hapo mwombaji hueleza mwenyewe husimama dakika ngapi kabla ya maumivu kumzidi, jambo ambalo cheti cha daktari kinachotaja jina la ugonjwa tu hakilionyeshi.