Kondoo wa Mwitongo Hana Sufu

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Mwitongo, Butiama. Tumeiacha jinsi ilivyosemwa.)

 

Nimepewa mada inasema "ufugaji mdogo wa kondoo na biashara ya bidhaa za sufu". Naanza na swali. Nani hapa amewahi kumnyoa kondoo? Mkono juu. Naona hakuna, na wengi wenu mmekua mkichunga. Basi jibu mnalo tayari: kondoo wetu hanyolewi kwa sababu hana cha kunyoa. Ana manyoya mafupi kama ya mbuzi, na mkia wenye mafuta. Sufu hana.

Kwa nini nalisema wazi hivi? Kwa sababu kwenye simu zenu kuna video za kondoo wameviringa kama godoro, na mtu anawaambia undeni kikundi, kopeni, leteni Merino, mtauza sweta. Kijana akiingia na mkopo wa halmashauri mgongoni, wale kondoo wakafa, deni halifi. Linabaki na jina lake.

Sufu inalipa, sikatai. Nendeni Kenya, mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kuna karakana inaitwa Nanyuki Spinners and Weavers. Ilianza mwaka 1977 kama mradi wa wanawake chini ya Kanisa la Presbyterian. Wananunua sufu kwa wafugaji, wanaiosha, wanaichambua, wanaisokota kwa mkono, wanaitia rangi, wanafuma mazulia. Mfugaji anauza sufu ghafi kwa kilo, bei ndogo. Zulia linauzwa bei kubwa. Tofauti ya hapo katikati ni kazi ya mikono ya wale akina mama, na wanaishika wenyewe.

Lakini Nanyuki ni juu na kuna baridi. Kondoo wa sufu anataka hali ile. Mlete huku karibu na ziwa, joto na mvua, minyoo inammaliza, na miiba inaingia kwenye sufu mpaka haifai kitu. Kwa hiyo tuige akili ya Nanyuki. Kondoo wao tuwaachie.

Sasa sisi tuna nini? Kwanza, tuna mnyama mgumu. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki, hasa yule mwekundu wa Kimasai, amefanyiwa utafiti miaka mingi na kuonekana anavumilia minyoo kuliko Dorper wa Afrika Kusini. Dorper ana mwili mkubwa, kweli, lakini anataka dawa na malisho. Ukichanganya damu bila mpango unapata kondoo mkubwa anayekufa mapema.

Pili, tuna ngozi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ngozi ya kondoo asiye na sufu ni laini na bado ni imara, kuliko ya kondoo wa sufu. Viwanda vya glavu duniani vinaitafuta. Ethiopia wamejenga jina kwa ngozi hiyo hiyo. Sisi ya kwetu tunafanyia nini? Tunachinja kwa kisu butu, tunaitoboa matundu, tunaianika chini juani inakauka kama bati, mwisho anakula mbwa. Kile tunachokisikitikia kwamba kondoo wetu hana sufu, ndicho kinachoipa ngozi yake thamani. Na tunakitupa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme una majike kumi na dume moja. Kondoo anabeba mimba miezi mitano. Ukitunza vizuri, kila jike akakupa mtoto mmoja kwa mwaka, wawili wakafa, unabaki na wanane. Bakiza majike wawili wa kukuza kundi, uza sita. Ukiwauza wazima mnadani, umepata bei ya mchuuzi, basi. Mkiungana vijana watano mkachinja wenyewe, mkauza nyama na mkatunza ngozi, mnashika fedha mara mbili kwa mnyama mmoja.

Ngozi inatunzwaje? Chuna kwa ngumi zaidi kuliko kisu. Osha damu. Paka chumvi, au iwambe kwenye fremu ya miti, kivulini, upepo upite. Kuilainisha, magome ya miwati yanafanya kazi hiyo, na Njombe wana mashamba ya miwati tangu enzi za mkoloni. Inachukua wiki kadhaa na inanuka, nisiwadanganye. Lakini inatoka pochi, mkoba, kofia, kava la daftari. Soli ya kiatu usijaribu, hiyo ni kazi ya ngozi ya ng'ombe.

Mnunuzi yuko wapi? Anapita hapa. Mwalimu amelala hapa Mwitongo tangu Oktoba 1999. Wageni wanakuja kaburini na makumbusho, wanafunzi, wazungu, viongozi kila tarehe 14 Oktoba. Wengine wanapita Makutano wakielekea Serengeti. Mgeni anayetoka Butiama akiwa na pochi iliyoshonwa Butiama, hiyo ni fedha imebaki kijijini.

Najua mtu ataniambia, kamanda, mbona umeacha siasa? Sijaiacha. Musoma palijengwa kiwanda, MUTEX, enzi ya Mwalimu, ili pamba ya mkoa huu ifumwe hapa hapa. Kikabinafsishwa. Wazee hawa watawasimulia kilichofuata, na pamba yetu bado inapanda lori. Ngozi nayo inakwenda njia ile ile, tena nyingine haifiki hata kwenye lori. Huo ni uamuzi wa watu waliokaa ofisini, na watu wa ofisini wanaulizwa.

Basi mkitoka hapa, nendeni kwenye mkutano wa kijiji na maswali matatu, yameandikwa kwenye karatasi.

La kwanza: asilimia 4 ya vijana iko wapi? Tangu 2018 ni sheria, halmashauri itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ikasimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa. Tunataka orodha ya vikundi vilivyopata ibandikwe ubaoni.

La pili: chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo imekuja lini mara ya mwisho? Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mwaka 2008. Ukiingia zizini unaweza kumaliza kundi lote, na hakuna mkopo utakaokuokoa.

La tatu: mnadani tunalipa ushuru kila wiki. Machinjio yetu yana visu vya kuchunia na fremu za kuwambia ngozi? Kama hayana, ushuru unafanya kazi gani?

Ulizeni kwa adabu, mwandike majibu na tarehe. Akijibu diwani wa chama tawala akatekeleza, mpeni haki yake, kondoo hawana kadi ya chama. Asipojibu, mtakuwa na karatasi ya kumwonyesha mpiga kura, nyumba kwa nyumba.

Na wale watano wanaotaka kuanza na ngozi, tubaki hapa tukimaliza. Tuandikiane majina leo.

Nguvu ya umma!