Paa la Namirembe: Funzo kwa Makanisa Yetu ya Zamani

Mazungumzo kwa wakazi wa Meru na Embu kuhusu kinga ya moto



Mwaka 1910 wamishonari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo chao Kigari, Embu. Mwaka huohuo, kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lililotokana na kazi ya shirika hilo, liliteketea. Kuta zake zilikuwa za matofali, lakini paa lilikuwa la nyasi. Radi ilipiga, nyasi zikashika moto.

Watu wa Namirembe walikuwa wamezoea hasara. Mwaka 1894 dhoruba iliharibu kanisa lao la awali, na mchwa wakala lililofuata. Safari hii hawakurudia paa la nyasi. Kanisa jipya la matofali ya kuchoma, lenye paa la vigae, lilijengwa kuanzia 1915 hadi 1919. Waumini wanasali humo mpaka leo.

Tarehe 15 Aprili 2019, Notre-Dame ya Paris nayo iliungua. Moto ulikula paa lake la mbao za karne nyingi. Michango ilimiminika kutoka duniani kote, na vipimo vya kina vilivyochukuliwa kabla ya moto vikawasaidia mafundi. Hata hivyo, kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka mitano.

Pote pawili moto ulishika juu, mahali ambapo watu hupanda mara chache. Kanisa la kijiji Tigania au Runyenjes likiungua, dunia haitachanga. Watakaochanga ni wakulima wa majani chai, kahawa na miraa.

Kwa hiyo, kamati za makanisa, misikiti na shule zifanye haya kabla ya mvua:

- Fundi wa umeme mwenye leseni apande darini, akague nyaya.
- Jengo refu liwekewe kinga ya radi.
- Mitungi ya kuzimia moto iwepo, na watu wafundishwe kuitumia.
- Njia ya gari la zima moto isizibwe.
- Jengo lipigwe picha na kupimwa. Nakala za vitabu vya ubatizo na ndoa zihifadhiwe mahali pengine.

Moto ukitokea, watu watoke kwanza, kisha wapige simu 999 au 112. Paa hujengwa tena, hata kama ni kwa miaka tisa kama Namirembe. Kitabu cha ubatizo kisicho na nakala kikiungua, kimepotea.